GPS Niliyoivaa Shingoni

Jana kuna ndugu kauliza humu: anunue GPS gani, moja tu, itakayomfaa mjini na porini pia?

Mmemjibu kwa mbwembwe. Huyu anasifia kioo kikubwa, yule betri, mwingine anamwambia simu inatosha aache ushamba.

Mimi nilishawahi kuchagua GPS ya namna hiyo. Nilichagua vizuri kabisa, wala sijutii uchaguzi.

Ila mwanangu wa kwanza alizaliwa na kufia kwenye tope, nikashika msahafu nikamsingizia mama aliyenilea, na ile GPS ikaja kunisuta mbele ya mke wangu nikiwa na tonge mkononi.

Kaa nikusimulie. Halafu ukanunue.

Ilikuwa mwaka 2002. Milango ya biashara ilishafunguliwa, kila mwenye mtaji anakuja na kampuni yake. Deltani kwetu ikaja kampuni ya kununua kamba, wale wa kuliwa. Wavuvi wanawaleta kwa mashua kutoka Maparoni mpaka dikoni, pale mashua zinapofungwa, sisi tunawapakia kwenye barafu, tunachana mbuga hadi Bungu, tunashika barabara kuu, jioni wako kwenye majiko ya hoteli za Dar.

Dereva wa Landikruza nilikuwa mimi, Tamimu.

Kiti cha mbele pembeni yangu kilikuwa cha shangazi yangu Mwanahalima, dada wa baba. Huyu ndiye aliyenilea toka mama alipofariki nikiwa na miaka mitatu. Mfupi, mdomo mchafu, kopo la ugoro kiunoni. Kampuni ilimwajiri kama kiongozi wa njia, maana hakuna aliyeijua mbuga ile kumzidi yeye.

Mbuga yetu ni kigeugeu. Kiangazi unakatiza moja kwa moja, njia fupi, raha mustarehe. Masika ikiingia, juu unaona pamekauka, chini ni uji. Hapo unazunguka kwa kule juu kwenye mikorosho, mwendo mrefu wa kuudhi.

Na kujua njia ipi iko hai, sisi tuna namna yetu. Shangazi anashuka na fimbo, anachoma choma ardhi. Akikuta pameoza anakata tawi bichi la mkorosho, analilaza katikati ya njia, analifunga kipande cha kanga yake kuukuu ili mtu asidhani ni tawi limeanguka tu. Maana yake njia imekufa, zunguka. Majani mabichi, ni habari ya leo au jana. Majani yamekauka, simama uulize kwanza.

Hakuna mtu wa kwetu anayeruka tawi. Mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Sasa bosi wetu, Zaidi, alikuwa mtu wa Dar. Barafu ikiyeyuka anaona roho inamtoka. Siku moja akaniita.

"Tamimu, nenda dukani mjini ukachague GPS. Nataka kitu kimoja tu. Asubuhi kinitoe dikoni, jioni kinifikishe mlango wa nyuma wa hoteli bila kuuliza mtu. Ukikiweza, nakufanya mkuu wa usafiri."

Mkuu wa usafiri! Mimi niliyeishia darasa la saba. Nikaona ndoto hiyo imeshatimia.

Muuzaji akanitandikia tatu kwenye meza ya kioo.

Ya kwanza pana, rangi zinawaka, unaibandika kwenye kioo cha gari. Nikamuuliza, "Mbugani kwetu inaonyesha nini?" Akabonyeza bonyeza. Kioo cheupe pee, hata mto haumo.

Ya pili ngumu, hata ikiangukia maji haifi. Lakini ni mshale mtupu. Mjini itakwambia hoteli iko upande ule, halafu mbele yako ukuta wa benki.

Ya tatu ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, ina kamba ya kuvaa shingoni. Ndani ina barabara kubwa za Dar na ile kuu ya kusini. Kwingine unaweka alama mwenyewe.

"Hii ina jambo moja," muuzaji akasema. "Kila hatua unayopita inadondosha nukta. Ukimaliza safari unaipa jina, inaitunza. Unaivaa, unashuka nayo, inakufuata popote. Haisahau."

Nikaichukua hiyo. Nikaivaa toka dukani, nikatembea nayo mtaa mzima kifua mbele.

Mwezi wa Januari mbuga ilikuwa kavu. Wiki mbili nzima nikamzungusha shangazi, kila njia, kila kona, kila kivuko. Yeye anaonyesha, mimi nabonyeza.

"Hicho kidude kinafanya nini, baba?" akauliza. Mimi alizoea kuniita baba.

"Kinanasa njia, shangazi."

"Zote?"

"Zote."

"Na aliyezionyesha, kinamnasa?"

Nikacheka. "Hicho hakinasi watu."

Akavuta ugoro, akatema nje ya dirisha. "Basi kina adabu ndogo."

Hakujua kuwa anachimba shimo la kazi yake mwenyewe. Mimi nilijua. Zaidi alishaniambia kuwa njia zikikamilika, bibi huyo hana kazi.

Siku ya kumwambia, ningeweza kwenda kwake, nikakaa naye barazani, nikamweleza kistaarabu. Sikufanya hivyo. Nilimngoja dikoni, mbele ya wapakizi wote. Akaja, akafungua mlango wa mbele, akakuta sanduku la barafu limekaa kwenye kiti chake.

"Sanduku hili mbona liko hapa?"

"Kiti hicho kuanzia leo ni cha barafu, shangazi. Mashine haili wali wala hainusi ugoro."

Wapakizi wakaangua kicheko.

Akaniangalia. "Umesema wewe, au kasema bosi?"

"Tumesema."

Akafunga mlango polepole, akaondoka kwa miguu. Na mimi nilicheka. Naandika hivi mnijue vizuri, msije mkanionea huruma huko mbele.

Cha ajabu, masika ilipoingia, matawi yakaendelea kulala njiani. Hakuna aliyemlipa. Kila baada ya siku mbili anashuka na fimbo na panga lake, anapima, anakata, anafunga. Nilipomuuliza kwa kejeli kama bado anatafuta kazi, akanijibu kwamba njia si ya kampuni.

Sasa njoo Aprili.

Mke wangu Muzdalifa alikuwa na mimba ya miezi tisa. Tulihesabu bado siku kumi. Tulikuwa tumekubaliana siku ikifika nimpeleke hospitali Kibiti kwa gari, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Asubuhi hiyo kamba walikuwa wengi na barafu kidogo. Zaidi kapiga simu ya upepo kituoni anafoka, mteja anasubiri. Nikapakia, nikatoka dikoni mbio. Wapakizi nikawaacha, gari lilikuwa limejaa.

Nikafika panapogawanyika njia. Kulia, njia ndefu ya mikorosho. Mbele, mkato wa mbugani. Katikati ya mkato, matawi mawili mabichi, kanga ya kijani imefungwa kotekote.

Nikaitazama GPS. Ule mstari wangu wa Januari umekatiza mbuga umenyooka. Mshale unasema mbele.

Nikasema, huyu bibi ananikomoa. Ananiwekea matawi nichelewe, nifukuzwe kama yeye. Jua lilikuwa limewaka siku tatu na juu palikuwa pakavu kabisa.

Nikashuka. Nikaburuta tawi la kwanza mpaka kichakani, nikalitupa. Nikarudi, nikaburuta la pili. Nikalitupa mbali kwa hasira, ndani kabisa, asiweze hata kuliokota.

Nikaingia.

Katikati gari lilizama nusu tairi. Nikaweka gia ya nguvu, likanguruma, likachimba, likatoka upande wa pili likiwa limepaka tope hadi madirishani. Nimepita! Nikapiga usukani kwa furaha. Nikaipa safari ile jina, nikaitunza ili nimwonyeshe bosi: MKATO.

Sikurudi kurudishia matawi. Hata halikunijia kichwani.

Saa nne asubuhi uchungu ukamshika Muzdalifa nyumbani. Kaka yake Saadi akampakia kwenye baiskeli, nyuma kamfungia mto wa kukalia, akawa anaikokota mbio kuelekea Bungu kutafuta gari. Wakafika pale pale. Hakuna tawi. Tena kuna alama mbichi za tairi zimeingia mkatoni. Saadi akasema alhamdulillah, njia imefunguka, tutawahi.

Ule utando mgumu wa juu nilikuwa nimeupasua mimi. Mbele hatua sitini baiskeli ikazama, Saadi akazama kiunoni, Muzdalifa akalala ubavu juu ya tope na uchungu unamkata. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Watu waliokuwa kwenye madungu yao ya kulindia mpunga waliwasikia alasiri.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alishatoka, na tope lilimjaa puani.

Habari zilinikuta Dar, nakula chipsi na Zaidi tunapongezana.

Kesho yake jioni tukazika. Kesho kutwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Abdulatifu, akaitisha watu uani kwa msikiti. Saadi alikuwa na macho mekundu.

"Nani kazi yake kuweka tawi?" akauliza. "Mimi sikuona tawi. Wallahi sikuona!"

Shangazi akasimama. "Niliweka mawili. Alasiri, siku moja kabla ya balaa. Nimeyafunga kwa mkono wangu huu."

"Yako wapi?"

Akafungua viganja vitupu.

Mzee Abdulatifu akanigeukia. "Tamimu, wewe ulipita kabla yao. Ulikuta tawi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo mtu anapojijua. Nilimtazama Saadi na ngumi zake. Nikafikiria Muzdalifa amelala ndani anavuja damu, akijua atanifanyaje. Nikafikiria na kiti cha mkuu wa usafiri.

"Sikukuta tawi," nikasema.

"Utaapa?"

Nikaletewa maji nikatia udhu. Nikashika msahafu. Nikaapa, na shangazi ananiangalia usoni muda wote, hapepesi.

Basi yakaanza. Kwamba alikuwa na kinyongo na kampuni. Kwamba ameacha makusudi ili gari lizame, likaja kumzamia mkwewe. Mwanamke mmoja akamwita mwuaji, wengine wakaitikia.

Hakubishana tena. Hilo ndilo lililowathibitishia watu kuwa ana hatia.

Wakamvunjia dungu lake shambani, mpunga ukaachiwa nguruwe. Wanawake wakawa hawaitikii salamu yake kisimani. Saadi akamtolea vyombo nje, sufuria kwa sufuria. Mimi nilikuwepo. Nilishika kamba ya mbuzi wake mmoja asikimbie, nikamkabidhi mwenyekiti kama faini.

Akaamua kuhamia Nyamwage, ng'ambo ya mto, kwa ndugu wa marehemu mumewe. Siku anaondoka nilimkuta barabarani pale Bungu, kabeba godoro kichwani, anaelekea kungoja gari la kwenda pantoni. Kiti changu cha mbele siku hiyo kilikuwa wazi.

Nikaongeza mwendo. Gari likapita kwenye dimbwi, maji yakamwagikia. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona ameshusha godoro, anajifuta uso kwa kanga.

Niliumia. Sitasema uongo katika hilo. Lakini sikusimama.

Miezi saba ikapita. Zile nukta za siku ile nilishazifuta, au nilidhani nimezifuta. Nilibonyeza kufuta, kioo kikawa kitupu, nikaridhika. Sikujua kuwa safari uliyoipa jina inakaa kabati jingine.

Novemba bosi akanunua mashine mpya, ile ya kwanza nikapewa mimi kama zawadi. Nikaileta nyumbani. Muzdalifa alisoma mpaka kidato cha pili, ana akili kunizidi, akawa anaichezea huku mimi nakula.

"Kumbe imeandika majina," akasema. "HOTELI. DIKO. Na hii MKATO?"

"Ni njia tu," nikasema, nimetia tonge kwenye mchuzi.

"Hizi nukta?"

"Hapo ndipo nilipopita. Kila sekunde chache inadondosha moja." Nikajiona mwalimu.

"Mbona hapa zimerundikana?"

"Ukisimama zinarundikana. Gari halitembei, yenyewe inaendelea."

"Na hapa, zinatoka njiani zinaingia pembeni, zinarudi, zinaingia tena, zinarudi?"

"Hapo nilishuka. Si naivaa shingoni? Inakufuata hata ukienda..."

Tonge likabaki hewani.

Muzdalifa hakuwa ananiangalia. Alikuwa anasoma tarehe. Tarehe ile hakuhitaji kuandikiwa popote.

"Saa mbili na dakika arobaini na saba," akasema taratibu. "Ulisimama. Ukashuka. Ukaenda kichakani mara mbili. Kama hapakuwa na tawi, Tamimu, ulibeba nini?"

Nilinawa mkono ambao ulikuwa bado na wali.

Asubuhi akaivaa yeye shingoni. Akatembea mpaka njia panda, mimi namfuata nyuma nambembeleza kama kichaa. Kamshale kakamwingiza kichakani. Akafunua majani. La kwanza hilo hapo, limekauka, pamekatwa panga vizuri, kanga ya kijani imepauka lakini fundo halijalegea. La pili alilipata ndani zaidi, kule nilikolirusha kwa hasira.

Akavifungua vile vipande vya kanga kwa meno, akavifunga kwenye pindo la nguo yake. Hakulia. Laiti angelia, au angenipiga.

Wakapanda pantoni yeye na Saadi, wakaenda Nyamwage. Wakakaa siku tatu. Aliyerudi ni Saadi peke yake, kuchukua nguo za dada yake.

Nilimkuta anakunja. Nikasema, "Shemeji, shangazi kasemaje?"

"Kasema aliyaona."

"Aliona nini?"

"Matawi. Kesho yake tu baada ya wewe kuapa. Alifuata alama za kuburuta, akayakuta, akayaacha palepale. Nikamuuliza, mbona hukuyaleta kwa watu, bibi? Tumekuvunjia dungu, tumekuita mwuaji!" Saadi akafuta macho kwa kiganja. "Kanijibu kwamba ukweli ule ulikuwa wako wa kusema. Nimemlea mimi, kasema, nikaona nimwachie nafasi. Kakungoja miezi saba, Tamimu. Kila gari likishuka pantoni anachungulia."

Nikakaa chini.

"Anaumwa kifua sana," Saadi akaendelea. "Kanipa swali moja nikuulize. Kasema akijibu kweli, aje anione. Akijibu uongo, asije, hata kunizika asije."

"Uliza."

"Ile siku pale Bungu, kabeba godoro. Ulimwona, au hukumwona?"

Jamani. Swali jepesi. Mtu kanifungulia mlango mpaka mwisho, kilichobaki ni kuingia. Lakini Saadi alikuwa amesimama juu yangu, ananitazama kama uchafu, na ulimi wangu ulikuwa umeshazoea njia yake.

"Sikumwona," nikasema.

Saadi akachukua furushi, akatoka.

Shangazi alifariki mwezi wa tatu uliofuata, masika ndiyo inaanza. Nilipata habari dikoni. Niliacha kamba kwenye gari, niliacha barafu, nikavuka pantoni nikafika Nyamwage saa nane mchana. Nikaonyeshwa njia ya makaburini, kijinjia chembamba kati ya mihogo, nasikia watu kwa mbele wanasoma.

Nikaingia nusu mbio.

Katikati ya njia lilikuwa limelazwa tawi la mkorosho. Majani mabichi, ya siku ile ile. Limefungwa kipande cha kanga nyekundu, ile niliyomnunulia Muzdalifa tulipooana.

Nilisimama pale mpaka wakamaliza kuzika. Sikuliruka.

Sasa wewe uliyeuliza. Usinunue ile ya kubandika kwenye kioo cha gari, porini haitakufaa. Usinunue yenye mshale mtupu, mjini itakuchosha. Nunua ndogo inayotoka garini, yenye kutunza safari, ivae. Mimi ningechagua ile ya kubandika, nukta zangu zingeishia barabarani, na leo ningekuwa na mke, watu wangeniita mkuu wa usafiri, na shangazi angekuwa mwuaji mpaka kiama.

Mashine itakwambia uko wapi. Haina habari na anayekuja nyuma yako. Ukikuta mtu kaweka tawi njiani, zunguka. Na kama umeshaliondoa, rudi uliweke leo hii, kabla hujaulizwa.